Sima yangu siku ya sita na zabibu bado ziko chini. Kosa liko wapi?

#1 MwanaNjombe
Wakuu, salaam. Niko Rovaniemi, huku Laponia kaskazini mwa Finland, mwaka wa nne sasa. Mnaoishi Finland mnajua wiki hii ni ya Vappu. Tarehe 30 Aprili jioni watu wazima kwa vijana wanavaa kofia nyeupe walizopata walipofaulu mtihani wa mwisho wa sekondari, kesho yake Mei Mosi wanakwenda kula nje hata kama theluji bado ipo, na karibu kila nyumba kuna sima na munkki (maandazi yao yenye tundu). Kwa asiyeijua, sima ni kinywaji cha limau na sukari kinachochachushwa kwa hamira kidogo sana. Kitamu, kina gesi, kinanywewa baridi.

Miaka mitatu nimekunywa ya kupewa. Jirani yangu wa chini, bibi aliyenipokea vizuri mno nilipohamia jengo hili, alikuwa ananigongea mlango kila Vappu na chupa mbili. Mwaka huu vidole vyake vimevimba, hawezi kunyanyua sufuria ya maji. Kwa hiyo nimeamua safari hii chupa zitoke kwangu ziende kwake.

Nilivyofanya: maji lita 5, sukari nyeupe gramu 250, fariinisokeri (ile sukari laini ya kahawia) gramu 250, malimau 2. Nikakwangua ganda la njano, nikaondoa ile nyama nyeupe maana bibi alisema ndiyo inayotia uchungu, nikakata malimau slesi. Nikamwagia maji yaliyochemka, nikaacha yapoe, nikatia hamira mbichi kiasi cha punje ya njegere. Usiku mmoja. Asubuhi nikachuja, nikajaza chupa tano, kila moja kijiko cha chai cha sukari na zabibu kavu sita.

Bibi anasema zabibu zikipanda juu, sima imeiva. Leo siku ya sita, zabibu zimelala chini kama mawe ya mtoni, na Vappu ni keshokutwa.

Maswali mawili. Kosa liko wapi? Na kwa nini hasa zabibu hupanda? Bibi mwenyewe anasema zinapanda tu.

#2 Mama_Iliki
Umeziweka wapi hizo chupa? Kwenye joto la nyumbani ni siku mbili tatu. Kwenye friji hata wiki haitoshi wakati mwingine.

#3 MwanaNjombe
Kwenye roshani, ile iliyozibwa kwa vioo. Mchana jua linapiga kuna joto, usiku inashuka hadi nyuzi 2 hivi.

#4 KijanaWaUvira
Ndugu, jibu umelitoa mwenyewe. Hamira ikipata baridi inalala. Kwetu Kivu wazee wanapotengeneza kasiksi ya ndizi wanafunika chombo kwa majani makavu ya mgomba, wanakitunza kama mtoto mchanga. Wewe umeweka mtoto nje usiku, Laponia! Ingiza ndani leo hii.

#5 Fundi_Tampere
Naunga mkono #4, ila kabla hujaingiza, swali: maji ulipotia hamira yalikuwa moto kiasi gani? Yanatakiwa yawe vuguvugu tu, kama maji ya kumwogeshea mtoto. Yakiwa nyuzi 55 na kuendelea hamira imekufa, hata ukilala nayo kitandani haiamki.

#6 MwanaNjombe
Nilipima kwa kidole. Yalikuwa na joto, ila kidole kilivumilia. Asubuhi palikuwa na vipovu vidogo pembeni ya sufuria.

#7 Fundi_Tampere
Vipovu vikiwepo, iko hai. Basi tatizo ni baridi.

#8 Bint_Michenzani
Assalamu aleikum. Nimefurahi kuukuta uzi huu, mie niko Turku. La kwanza, ahsante mwanzisha uzi kwa kuandika *limau*. Kuna mtu kwenye uzi wa mwaka jana aliandika ndimu watu wakaenda kununua zile ndogo za kijani, sima yao ikatoka chungu. Ndimu ni ndimu, limau ni limau.

La pili, sisi nyumbani hatunywi kilichochachuka, na sima ina kilevi hata kama kidogo. Watoto wangu wakirudi skuli wananambia wenzao wote wana sima. Nikaona nisiwanyime raha. Nachemsha maji kidogo na fariini na maganda ya limau, napoza, nakamua malimau, halafu wakati wa kunywa namiminia maji ya gesi ya chupa. Zabibu natia vilevile. Na zinapanda! Hamira hamna hata chembe. Kwa hivyo hilo swali la pili lako jibu lake ni gesi.

#9 Mwalimu_wa_Fizikia
Bint_Michenzani amemaliza kazi. Zabibu kavu ina mikunjo mingi. Hamira inakula sukari, inatoa kaboni dioksidi, na vipovu vinashika kwenye ile mikunjo kama maboya. Vikijaa vya kutosha, zabibu inakuwa nyepesi kuliko kinywaji, inapanda. Ikifika juu vipovu vinapasuka, inashuka tena. Ukitia zabibu laini isiyo na mikunjo haichezi hivyo.

#10 Mzee_Kyela
Mwalimu, naomba nikupinge kwa heshima. Mimi natengeneza sima mwaka wa kumi na moja, huku Oulu. Kwenye soda ni kweli zabibu zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka. Kwenye sima ikiiva zinapanda na *zinabaki* juu. Zimevimba, zimejaa, mikunjo imeisha. Sasa maboya yako yanashika wapi kama mikunjo imeisha? Mimi naamini zinapanda kwa sababu zimevimba. Kitu kikitanuka bila kuongezeka uzito kinakuwa chepesi.

#11 Mwalimu_wa_Fizikia
Mzee wangu, zabibu ikivimba imekunywa maji, kwa hiyo uzito nao umeongezeka. Loweka zabibu kwenye maji matupu usiku kucha. Zitavimba na zitabaki chini.

#12 Mzee_Kyela
Nimeloweka sasa hivi. Kesho nitaleta majibu.

#13 Nyeri_to_Toronto
Mko na mchezo mtamu huku. Mimi niko Canada, hatuna sima, lakini niko na wazo. Labda chachu inaingia *ndani* ya zabibu. Ile ngozi inalainika, sukari ya ndani inachachuka, gesi inatokea ndani kwa ndani na kuijaza kama puto. Hiyo ingeeleza kwa nini zinabaki juu, vile Mzee wa #10 amesema.

#14 Fundi_Tampere
Hii ya #13 sijawahi kuifikiria. Nilishapasua moja kwa meno ikatoa kama mlio mdogo wa gesi mdomoni. Siapi kwamba ndiyo sababu.

#15 Mama_Iliki
Wakati mnapasua zabibu, mwenzenu keshokutwa anatakiwa kushuka ngazi na chupa mkononi. MwanaNjombe, zabibu zako ni za rangi gani? Kama ni zile za dhahabu, nyingi zimewekwa salfa dayoksaidi zisibadilike rangi, na hiyo inaisumbua hamira. Na hata nyeusi, soma pakiti, mara nyingi zimepakwa mafuta ya alizeti zisigandane. Mafuta yanazuia vipovu kushika. Mimi huziosha kwa maji moto kwanza.

#16 MwanaNjombe
Nyeusi. Pakiti inasema mafuta ya alizeti. Sikuziosha.

Nimeshaingiza chupa ndani. Nimezipanga sakafuni bafuni, penye sakafu yenye joto, kwa sababu ndipo penye vuguvugu zaidi nyumba nzima.

#17 KijanaWaUvira
Vizuri, ila LEGEZA VIFUNIKO. Na kama ni chupa za glasi zitoe haraka. Mwaka juzi nilifunga glasi nikakaza, nikaweka stoo ya jikoni. Saa tisa usiku ilipasuka kama risasi. Mke wangu na watoto, tuliotoka vitani, mnaweza kuelewa tuliamkaje. Tulikaa sakafuni muda mrefu kabla sijaenda kuwasha taa. Tangu siku hiyo natumia plastiki tu. Ukibonyeza chupa ukaiona imekuwa ngumu, fungua kidogo, acha ipumue.

#18 MwanaNjombe
Pole sana ndugu. Ni za plastiki. Nimelegeza zote.

#19 Mwalimu_wa_Fizikia
Ila ukilegeza sana gesi yote inatoka na zabibu hazina cha kuzinyanyua. Robo mzunguko inatosha.

#20 Bint_Michenzani
Ndugu wa Uvira, pole kwa usiku ule, Mungu awalinde.

#21 Tumbaku_Njia_Panda
Naomba kurekebisha kidogo kwenye #1, maana wageni wanasoma. Vappu si ya kofia tu. Mei Mosi ni siku ya wafanyakazi, kuna maandamano na bendera asubuhi. Na jina lenyewe linatokana na Mtakatifu Walburga, ndiyo maana Wasweden wanaita Valborg na wanawasha mioto mikubwa jioni ya tarehe 30. Mimi niko Luleå, jana tumeanza kukusanya matawi. Helsinki ndiko wanaivisha kofia sanamu ya Havis Amanda saa sita usiku.

#22 Mama_Iliki
Saa kumi na mbili jioni, siyo saa sita usiku. Nimesimama pale sokoni na watoto mabegani mara tatu. Sanamu lenyewe liko pale tangu 1908.

#23 Tumbaku_Njia_Panda
Nimekubali, ahsante mama.

#24 Shangazi_wa_Tromsø
Habari zenu. Mimi niko Norway, juu zaidi yenu. Huku hatuna sima, ila acheni niwaambie raha ya majira haya, kwa sababu watu wa nyumbani wakisikia kaskazini wanadhani tunalia tu kwa baridi.

Raha ya kwanza ni ukuta. Mwezi wa nne jua likirudi na nguvu, theluji bado mita nzima, watu wanatoa kiti, wanakaa wameegemea ukuta wa nyumba unaotazama jua, macho wamefumba, kikombe cha kahawa mkononi. Hawasemi kitu. Mwaka wangu wa kwanza niliona wazee wamepangana hivyo kando ya nyumba nikadhani wanasubiri basi. Sasa na mimi nina kiti changu.

Ya pili ni samaki. Chewa wa baridi wanaanikwa kwenye fito nje, wawili wawili wamefungwa mikia, bila chumvi. Upepo na ubaridi ndivyo vinavyokausha, na inzi bado hawajatoka. Wanaokaa hadi kiangazi wanakuwa wakavu kama kuni, hao ndio wanaouzwa mbali. Lakini wenyeji wanawaiba wachache mapema, wiki mbili hivi, wakiwa wakavu nje na laini ndani. Wanawaita boknafisk. Nimezaliwa Kilwa, nimekulia ng'onda, na nawaambia ule uzito wa ladha ni ndugu. Wao wanakula na viazi, mboga na mafuta ya nyama ya nguruwe. Mimi napika na nazi.

#25 Nyeri_to_Toronto
Shangazi, hiyo ya nazi weka mapishi uzi wake, tafadhali.

Huku kwetu raha ya majira ni utomvu wa mti. Watu wanatoboa miti ya maple mwezi wa tatu, wanachemsha sharubati. Lita 40 za utomvu zinatoa kama lita moja. Nasikia Finland wanatoboa mti wao mweupe, ule wa koivu, pia. Ni kitu kimoja?

#26 Mlanzi_Original
Sasa mmenigusa. Mimi ni wa Ludewa, niko Kuopio, na kila mwaka wiki hizi natembea msituni na kamba na kidumu kama niko nyumbani.

Si kitu kimoja. Maple inatoa utomvu usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, huo mvutano wa kuganda na kuyeyuka ndio unaosukuma. Koivu inasukumwa na mizizi. Ardhi ikianza kulegea, mizizi inanyonya maji kwa nguvu kabla mti haujatoa jani hata moja, na yale maji hayana pa kwenda isipokuwa juu. Ndiyo maana ukitoboa tundu dogo, sentimita tatu hadi tano kuingia, linachuruzika lenyewe. Majani yakichomoza tu, basi, utomvu unageuka rangi na unachacha. Una wiki mbili tatu.

Wanaita mahla. Unaonekana kama maji na ladha yake ni maji yaliyopitiwa na sukari kwa mbali. Kuchemsha uwe sharubati ni kazi bure kwa kawaida, inahitaji lita 100 au zaidi kwa lita moja. Wengi wanakunywa hivyohivyo au wanagandisha kwenye friza, maana kwenye friji siku chache tu unaanza kuchachuka.

Sasa nyie wa Njombe na Iringa nisaidieni. Mimi nikikaa chini ya koivu asubuhi, nasikia tone likigonga kidumu, naona kabisa mwanzi wa baba yangu umekatwa ncha na mbeta, kile chombo cha kukingia, imening'inizwa. Ulanzi, pombe yetu ya mwanzi, nao ni wa msimu, nao ukiukinga asubuhi ni mtogwa, mtamu, mtoto anakunywa, ukiuacha jioni umekuwa mkangafu, mkali. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kifini picha ya mwanzi wetu unachuruzika. Akaniuliza mnaziba tundu kwa nini. Nikamwambia hatuzibi, tunakata upya kila siku, kila asubuhi na jioni. Hakuamini kwamba mti unavumilia.

#27 MwanaNjombe
Mlanzi, hiyo sauti ya tone umenirudisha Njombe mzima mzima. Ruhusa unapataje? Hapa Rovaniemi mahla bado, nadhani katikati ya Mei.

#28 Mlanzi_Original
Hapo muwe makini wote. Ile haki ya kila mtu ya kutembea msituni na kuchuma inahusu matunda pori, uyoga, maua na majani yasiyolindwa. Kutoboa mti HAIMO. Lazima mwenye shamba akubali. Mimi niliomba kwa mzee niliyekuwa namsaidia kupasua kuni. Ukimaliza, ziba tundu kwa kijiti cha mti uleule.

Na vile vichipukizi laini vya mti wa kuusi (jamii ya msonobari), wanavyotengenezea sharubati mwezi wa sita, navyo ni vya mwenye shamba.

#29 Mumbi_Espoo
Na thabai je? Yale majani yanayowasha?

#30 Mlanzi_Original
Hayo chuma, ni haki ya kila mtu.

#31 Mumbi_Espoo
Basi hiyo ndiyo raha yangu. Wanaita nokkonen. Yanatokea Mei, yakiwa mafupi kama kiganja ndiyo matamu. Navaa glovu za kuoshea vyombo, najaza mfuko, nachemsha kidogo, muwasho unaisha. Wafini wanatengeneza supu na chapati nyembamba za maziwa. Mimi naponda na viazi na mahindi, mukimo kama wa cucu, bibi yangu. Mara ya kwanza nilipopeleka kazini, mama mmoja Mfini alinyamaza halafu akaniambia nyanya yake naye alikuwa anachuma wakati wa vita. Tulikula kwa kimya. Tangu siku hiyo tunaenda kuchuma pamoja.

#32 Jicho_la_Tatu
Ongezeni na korvasieni basi, uyoga wa majira haya, unauzwa sokoni bei ghali.

#33 Muuguzi_Kemi
#32 tafadhali usiseme hivyo bila onyo. Korvasieni mbichi ni SUMU, inaweza kuua. Lazima uchemshwe mara mbili, kila mara dakika tano au zaidi, kwa maji mengi, mara tatu ya uyoga, ukisuuza katikati na kumwaga maji. Madirisha wazi, maana hata mvuke wake si mzuri. Wajawazito na watoto wasiguse kabisa. Sisi tuliokulia kwenye uyoga wa miombo tunajiamini kwamba tunajua uyoga. Huu hatuujui. Mimi siupiki nyumbani.

#34 Jicho_la_Tatu
Nimekuelewa dada, ahsante kwa kuweka wazi.

#35 Muuguzi_Kemi
Sawa. Na mimi swali langu liko mbali na chakula: mnalalaje? Jua linazama karibu saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri limeshatoka, na hata katikati hapo giza halikamiliki. Mwanangu wa miaka mitano anagoma kulala, anasema mama bado mchana. Na kwa kweli ni mchana.

#36 KijanaWaUvira
Karatasi ya alumini kwenye kioo. Haipendezi ila inafanya kazi.

#37 Mama_Iliki
Pazia zito la giza, na saa moja kabla ya kulala funga nyumba nzima, si chumba cha mtoto peke yake. Zima taa, sauti chini. Watoto wangu walizoea kwa wiki mbili.

#38 Shangazi_wa_Tromsø
Mimi nimeacha kupigana. Kuanzia tarehe 20 Mei hivi huku jua halizami tena hadi Julai. Majirani wanakata majani saa tano usiku. Ukilala kidogo kiangazi, utafidia Disemba.

#39 Muuguzi_Kemi
Shangazi, mimi naingia zamu saa moja asubuhi. Nitajaribu pazia la Mama_Iliki.

#40 Mzee_Kyela
Nimerudi na majibu ya #12. Zabibu nilizoloweka kwenye maji matupu zimevimba kama mbaazi na ZOTE ziko chini. Kwa hiyo Mwalimu yuko sahihi kwamba kuvimba peke yake hakutoshi. Lakini nimechukua hizohizo zilizovimba, laini, hazina mikunjo, nikazitumbukiza kwenye maji ya gesi. Mbili zimepanda. Moja imebaki juu mpaka sasa ninapoandika, saa nzima. Maboya yanashika wapi, Mwalimu?

#41 Mwalimu_wa_Fizikia
Pengine kwenye kikovu cha kikonyo, pale huwa pana kitundu kidogo. Au gesi inaingia kwa kupitia hapo. Kama inaingia, basi mwenzetu wa Toronto hayuko mbali na ukweli. Naomba upasue hiyo iliyobaki juu, kwenye maji, uangalie kama inatoa kipovu.

#42 Mzee_Kyela
Mjukuu ameila.

#43 Nyeri_to_Toronto
Mjukuu ameharibu ushahidi wangu, mwambieni nimemsamehe.

#44 Mama_Iliki
Munkki nani anapika? Mimi nimeshaandaa. Maziwa nusu lita wanayotumia wao, mimi naweka robo ya maziwa na robo ya tui. Mayai mawili, sukari, siagi, hamira, unga, na iliki nyingi. Hapa ndipo Wafini wanaponishangaza hadi leo. Nilipofika nilidhani nitaishi bila iliki. Nikaingia duka la kwanza, nikaikuta imesagwa kwa chenga, iko rafu moja na unga, kwa sababu ndiyo inayotiwa kwenye mkate wao mtamu wa kila siku. Mimi ni wa Muheza, iliki kwetu inalimwa kule milimani Amani, na hakuna siku nilijua kwamba watu wa theluji wanaililia kuliko sisi. Dada, munkki ni andazi. Tofauti ni tundu la katikati na sukari ya kuvingirishia.

#45 Bint_Michenzani
Na tippaleipä ni zilabia. Unga unachuruzishwa kwenye mafuta moto ukizungusha mkono. Wao hawatii shira, wananyunyiza sukari ya unga. Mie natia shira ya zafarani. Jirani zangu hawajawahi kurudisha sahani ikiwa na kitu.

#46 Tumbaku_Njia_Panda
Andazi lina umbo la pembe tatu, mama. Hiyo yako yenye tundu ni donati.

#47 Mama_Iliki
Njoo Vantaa nikulishe, halafu utaniambia pembe ziko wapi.

#48 Muuguzi_Kemi
Nani yuko Tornio? Barafu ya mto imeondoka? Kazini tunawekeana dau siku na saa. Wenyeji wananiambia tarehe za kupasuka barafu ya mto ule zimeandikwa kila mwaka tangu 1693, na miaka hii inapasuka mapema kuliko zamani.

#49 Dereva_wa_Haparanda
Mimi navuka daraja la mto huo kila siku. Bado imeshika, ila imekuwa nyeusi na pembeni kuna maji. Wavuvi wa matundu ya barafu walitoka wiki iliyopita. Ikipasuka utaisikia kabla hujaiona, ni kama lori linamwaga kokoto, mfululizo, masaa. Nilisimamisha gari mwaka jana kuangalia. Mabapa makubwa kuliko nyumba yanapandana. Dau langu ni tarehe 9.

#50 MwanaNjombe
Wakuu, nimerudi. Leo ni tarehe 30. Baada ya siku moja na nusu sakafuni bafuni, hali ni hii:

Chupa mbili zabibu zote ziko juu. Chupa ya tatu zimepanda nne, mbili ziko chini. Ya nne zinapanda na kushuka, mwanangu amekaa mbele yake kama anaangalia televisheni. Ya tano hakuna kilichotokea, wakati hamira ni ileile, maji ni yaleyale, zabibu za pakiti moja, na sakafu ni moja. Hiyo ya tano sijui niseme nini.

Nimezihamishia nne za kwanza friji. Nimeonja ya kwanza. Ina gesi, limau linasikika, sukari kidogo imezidi.

#51 Fundi_Tampere
Ya tano ilikuwa imekaa upande wa mlango? Sakafu za bafuni hazina joto sawa kote, nyaya hazifiki pembeni.

#52 Mama_Iliki
Au kifuniko chake ulilegeza kupita kiasi. Bonyeza uone kama ni laini.

#53 Mlanzi_Original
Mimi nina swali jipya kabla uzi haujafungwa. Nikitumia mahla badala ya maji kwenye sima, sukari nipunguze? Nina lita 6 friza.

#54 Mzee_Kyela
Punguza kidogo, kama gramu 50. Na usiuchemshe sana, harufu ya msitu itapotea. Mwalimu atasema hainuki. Inanuka.

#55 MwanaNjombe
#52 ni laini kweli. Nimekaza robo mzunguko.

Nimetoka kwa bibi sasa hivi. Nimempelekea zile mbili za kwanza na munkki nne za mapishi ya #44, pamoja na tui. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu zabibu, kumi na mbili, zote juu. Kofia yake nyeupe alikuwa ameshaivaa, imekuwa ya njano kwa miaka. Nilimuuliza tena kwa nini zinapanda, nikamweleza habari ya gesi na mikunjo na ile ya Toronto. Akasikiliza yote, akaniomba nimfungulie kifuniko kwa sababu vidole.

Nje imeanza kudondoka theluji tena. Kesho saa tano tunakwenda mtoni na blanketi. Ya tano naiacha bafuni usiku huu, nitawaambia.